Chakula cha Mtu Asiyerudi

 Kama uko mezani muda huu, endelea kula bila wasiwasi. Nitakayosema hayamhusu aliyekupikia hapo nyumbani. Yanahusu chakula cha kununua. Yanahusu yale manung'uniko unayoyasikia kwenye daladala, ofisini, saluni na barazani: kwamba siku hizi ukitoka kwenda kula nje unarudi na pochi nyepesi, na bado unapita jikoni kwako kutafuta kiporo. Bei na ladha zimekuwa kama watu wawili wanaopishana ngazini, mmoja anapanda na mwingine anashuka.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka hapa. Wewe uliye Unguja, Mombasa, Mwanza au Bujumbura, badilisha tu jina la mtaa na la samaki. Mengine nadhani yatafanana.

Tuanze na bei, maana hapo mwenye mgahawa ana hoja, na ni haki asikilizwe kwanza. Miaka ya karibuni imemtandika. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya mafuta ya kula ilipaa duniani kote, na Tanzania wakati huo ilikuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta inayotumia. Mwaka huohuo petroli ikavuka Sh3,000 kwa lita, hata baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi. Ulipokaribia mwisho wa mwaka, mchele nao ukagonga Sh3,000 kwa kilo kwenye masoko ya jiji. Kabla hatujapumua, mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika, ikauzwa Sh4,000 na zaidi, baada ya mvua kubwa za El Niño kuvuruga mashamba na viwanda vya miwa. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mgao wa umeme. Friji ikizima, mwenye mgahawa ana njia mbili: awashe jenereta, au atupe nyama. Wapo wa aina ya tatu, wasiowasha na wasiotupa. Hao tutawarudia.

Ongeza kodi ya pango, ambayo wenye nyumba wengi wa jiji hili wanaitaka ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Ongeza leseni, ukaguzi wa afya, zimamoto, gesi, ulinzi, hata mirabaha ya huo muziki unaokuzuia kumsikia mwenzako mezani. Vyote hivyo vinalipwa na sahani yako. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sahani ya leo haiwezi kuuzwa kwa bei ya mwaka 2019, simbishii. Ana haki.

Ninachobisha ni tabia ya bei yenyewe. Ikipanda ina mdomo, ikishuka ni bubu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei za mafuta ya magari Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zikipanda, haifiki Ijumaa utakuta karatasi mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani kwenye ubao wa chipsi, na sababu utapewa hata kabla hujauliza: "Bosi, mafuta yamepanda." Zikishuka, karatasi haibanduki. Mchele ulipopanda, wali ulipanda. Mchele ulipoteremka, wali ulibaki palepale juu, umekaa kitako. Angalia juisi ya embe. Kuanzia Novemba mpaka Januari maembe yanatapakaa mjini, yanauzwa kwa fungu, mengine yanaoza barabarani. Ingia mgahawani uone kama glasi ya juisi imepungua hata mia tano. Haijapungua, na bado nusu yake ni maji na robo ni sukari.

Sasa twende kwenye sahani, maana hapo ndipo hoja ya mwenye mgahawa inapoanza kuishiwa pumzi. Mtu anaweza kusamehe bei kubwa. Kinachouma ni bei kubwa ya kitu ambacho sicho.

Chukua kuku. Kuku wa kisasa wa nyama yuko tayari kuchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Kuku wa kienyeji anahitaji nusu mwaka, pengine na zaidi, akitembea, akichakura, akikimbia mwewe. Unapolipa bei ya kienyeji unalipia ule muda, na utamu wake unatokana na ule muda. Lakini siku hizi kuna chotara, wale Kuroiler na Sasso, wanaokua haraka kuliko kienyeji na wana manyoya ya rangirangi yanayomridhisha mnunuzi sokoni. Ni kuku wazuri, sina ugomvi nao. Wameinua kipato cha wafugaji wengi. Ila wakifika mezani wanabadilishwa uraia. Na yupo mwingine, kuku wa mayai aliyemaliza kutaga. Huyo nyama yake ni ngumu, na kwa kuwa meno yanahangaika, mlaji anajiambia, naam, huyu ndiye kienyeji mwenyewe! Kumbe amekula mstaafu kwa bei ya bwana harusi.

Chukua nyama choma. Unachagua mguu wa mbuzi, unapimiwa kilo mbele yako, mshale wa mizani unauona kwa macho yako. Kisha nyama inaingia nyuma, kule kwenye moshi, usikoruhusiwa. Inakaa huko muda wa kutosha kumsomesha mtoto. Ikirudi, imepungua. Hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili: nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, na robo ya uzito kuondoka ni jambo la kawaida kabisa. Mchomaji mwaminifu atakuletea nyama iliyopungua. Tatizo ni kwamba mchomaji asiye mwaminifu naye atakuletea nyama iliyopungua, ikiwa imepungukiwa zaidi na mbavu mbili, na wewe huna namna ya kuwatofautisha. Ndiyo maana watu wanafunga safari mpaka Vingunguti, jirani na machinjio, ambako hakuna kitambaa mezani na inzi wapo, kwa sababu kule nyama inakatwa na kugeuzwa juu ya moto ukiiangalia.

Chukua samaki. Kwenye menyu, mahali pa bei, pameandikwa "kulingana na ukubwa". Ukubwa wa nani? Mhudumu anarudi jikoni, anakuja kukuambia kuna wa elfu ishirini na tano na kuna wa elfu arobaini. Hukumwona hata mmoja. Unachagua samaki kwa kusikia bei yake. Na hapa ndipo wanaporejea wale wenzetu wa aina ya tatu, wasiowasha jenereta na wasiotupa. Samaki aliyeganda, akayeyuka, akagandishwa tena, hukumbuki kukagua jicho lake wala matamvua yake, kwa sababu amekujia akiwa amekaangwa na kuzamishwa kwenye mchuzi mzito wa viungo. Jiji lina Bahari ya Hindi mbele yake na soko la Feri limejaa alfajiri, na bado mlaji anatoa elfu arobaini kula nyama inayomeguka kama unga mdomoni. Hilo halihitaji El Niño kulieleza.

Chipsi ndizo kabisa. Mafuta yakikaangiwa mara nyingi mno huwa meusi, yanatoa povu, yanafuka moshi mapema, na viazi vinatoka vikiwa kahawia nje na vimenyonya mafuta ndani. Muuzaji anajua. Mlaji anajua. Wote wawili wanazimwagia tomato sosi na kuendelea na maisha.

Kwa nini imekuwa hivi? Wengi watakujibu kwa neno moja: tamaa. Mimi nadhani tamaa ipo tangu enzi za babu zetu, haiwezi kueleza kilichobadilika juzi. Nitaje sababu tatu ninazoziona kila ninapokaa mezani.

Ya kwanza ni menyu ndefu. Siku hizi unakabidhiwa kitabu. Ndani yake kuna biriani, pizza, tambi za Kichina, kuku wa Kihindi, baga, ndizi nyama, mtori na pweza wa nazi. Ukichungulia jikoni, wapishi ni wawili. Wapishi wawili hawawezi kupika vyakula themanini vibichi kila siku. Haiwezekani hata kwa dua. Kinachowezekana ni jokofu lililojaa, mchuzi mmoja mwekundu unaobadilishwa majina, na lile jibu linalorudiwa meza hadi meza: "Hicho leo hakipo." Linganisha na nyumba za chakula zilizojijengea jina katika nchi zetu. Kuna ya biriani la Ijumaa, likiisha limeisha. Kuna ya urojo kule Unguja. Kuna mama wa mtori Moshi, kuna kijana wa supu ya pweza na sufuria lake moja jioni. Hao wanauza kitu kimoja, kinaisha siku hiyohiyo, na kesho wanaanza upya. Upya wa chakula unatokana na kuisha kwake.

Ya pili ni mishahara. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka Sh150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa. Viwango vimepandishwa tangu hapo, lakini ishike hiyo namba tufanye hesabu ndogo. Familia ya watu watano ikienda kwenye mgahawa wa hadhi ya kati, sahani moja Sh25,000, glasi ya juisi Sh6,000, jumla ni Sh155,000. Mlo mmoja umeuzidi mshahara wa mwezi wa yule binti aliyesimama pembeni na kalamu yake. Sasa unategemea akwambie, "Baba, samaki wa leo usichukue, ni wa juzi"? Ajira yake ataiweka wapi? Na mpishi hodari, akishajifunza kupika vizuri, atakaa hapo mpaka lini kabla hoteli ya kitalii haijamwita? Migahawa mingi inabadilisha mpishi na kubaki na menyu ileile, na picha zilezile za mpishi aliyeondoka. Mlaji anarudi kufuata ladha ambayo ilishahama mtaa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonileta kwenye kipaza sauti leo. Niifikie kwa kupitia kwa mama lishe.

Yule mama anayepika jirani na gereji, mwenye masufuria manne, mabenchi mawili na turubai, hajasomea hoteli popote. Anauza wali maharage, ugali dagaa, siku njema na samaki wa nazi, kwa elfu mbili, elfu tatu. Mchele aliununua kwa bei ileile iliyompata mwenye mgahawa mkubwa, tena pengine ghali zaidi, kwa sababu ananunua kwa kilo na si kwa gunia. Sukari ilimpiga. Mafuta yalimpiga. Na bado maharage yake yameiva, yana nazi, yana chumvi ya kutosha. Kwa nini? Kwa sababu mafundi wa gereji watakuja tena kesho. Akiwapa maharage magumu Jumatatu, Jumanne wote wamehamia kwa jirani yake, na wengine wana deni lake kwenye daftari! Hawezi kumpunja mtu anayemjua kwa jina, anayejua mtoto wake anasoma shule gani. Wateja wake ndio wakaguzi wake, na wanakagua kila mchana.

Simpambi. Maji yake ya kuoshea sahani mara nyingi ni ya ndoo moja, vumbi la barabara ni lake, na kipindupindu kinapozuka, kama kilivyozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kibanda chake ndicho cha kwanza kutiliwa shaka. Anahitaji bomba na eneo la haki la kufanyia kazi kuliko anavyohitaji kufukuzwa. Lakini katika jambo moja anawazidi wenye vioo na viyoyozi: anapika akijua utarudi.

Mgahawa wa mtoko unapika kwa ajili ya mtu wa aina nyingine. Huyu anakuja mwisho wa mwezi, au siku ya kuzaliwa ya mtoto, au kumpeleka mchumba. Amevaa vizuri. Anataka picha. Mwenye mgahawa ameshalijua hilo, kwa hiyo fedha zake amezipeleka kwenye ukuta wa maua ya plastiki, taa za rangi na sahani pana yenye chakula kidogo katikati. Mlaji akishapiga picha na kuituma, kazi ya chakula imekwisha. Kukila ni ziada. Na asiporudi, haidhuru, atakuja mwingine, maana jiji lina watu zaidi ya milioni tano na kila mmoja ana siku yake ya kuzaliwa. Nenda Forodhani pale Unguja ujionee jambo hilohilo kwa sura nyingine: wenyeji wengi wanasimama kwenye juisi ya miwa na urojo, ambako muuzaji anawajua, huku ile mishikaki ya kamba na ngisi iliyopangwa mezani inamngoja mgeni ambaye kesho ana boti.

Mpishi wa mtu anayerudi na mpishi wa mtu asiyerudi hawawezi kupika sawa, hata ukiwapa mbuzi mmoja wagawane.

Juzijuzi nilikuwa na familia kwenye mgahawa mmoja wa upande wa bahari. Jina lake halitasaidia mjadala. Tuliagiza kuku wa kupaka. Baada ya zaidi ya saa nzima akaja kuku amelala kwenye tui la kopo, tamu-tamu, jepesi, halikupata ndimu wala moto wa kutosha. Tui la kopo, ndugu zangu, mahali ambapo ukigeuza shingo unauona mnazi! Chupa ya maji ya elfu moja dukani ilikuwa imezidishwa mara nne. Kisha ikaja bili, na chini kabisa kulikuwa na mstari ambao kwenye menyu haukuwepo: ongezeko la asilimia 18. Hicho ndicho kiwango cha kawaida cha VAT huku Bara, na kodi sikatai kulipa. Lakini kwa bili ya Sh150,000 hiyo ni Sh27,000 ambazo hukuzipangia, na mtu anazisoma akiwa ameshakula, mbele ya wakwe. Nairobi, migahawa mingi inaandika chini ya menyu kwamba bei imeshajumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Mlaji anajua anachotoa kabla hajafungua mdomo. Kama jirani anaweza, sisi tunashindwaje?

Mhudumu akauliza, "Chakula kilikuwaje?" Nikaangalia meza nzima ikisubiri jibu langu. Mezani pale kila mtu alikuwa amelalamika kwa dakika ishirini. Na kwa pamoja, kwa sauti moja, tukasema: "Kizuri, ahsante."

Hapo, msikilizaji, ndipo penye ugonjwa.

Tumelelewa kutokitia chakula ila. Mtoto wa pwani akikunja uso mbele ya sahani anapigwa jicho na bibi yake mara moja. Waislamu wanafundishwa kwamba Mtume alikuwa akikitamani chakula hula, asipokitamani hukiacha, na wala hakisemi vibaya. Wakristo nao wanashukuru kabla na baada ya kula. Ni malezi mazuri, na ninaomba tusiyaache. Anayekukaribisha nyumbani kwake anakupa alichonacho, na kukosoa zawadi ni utovu wa adabu.

Lakini mgahawani hukukaribishwa. Umenunua. Pale kuna muuzaji na mnunuzi, kuna kipimo na bei, na kwenye kipimo na bei dini hizohizo zina ukali wake. Kur'ani ina sura nzima, ya 83, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina kwa wale wanaopunja vipimo. Biblia nayo ina maonyo ya mizani ya hila. Kwa hiyo mtu anayesema kwa upole, "Samahani, niliagiza kienyeji na huyu si kienyeji," hajakufuru riziki. Amekagua mizani.

Sisi tunafanya kinyume. Mezani tunasifu, tunalipa, tunaacha na chenji ya soda. Tukifika nyumbani tunamchambua mwenye mgahawa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mpaka usiku wa manane. Yeye hayumo kwenye kundi hilo. Anachokijua ni kwamba meza namba saba walisema kizuri na wakalipa. Kwa taarifa aliyonayo, lile tui la kopo lilifaulu. Kesho atanunua makopo mengine.

Basi tufanyeje? Nina maombi machache, na hakuna linalohitaji kamati.

Kwako mlaji. Uliza kabla hujaagiza. Uliza bei ya samaki, na uombe kumwona kabla hajakaangwa. Ni haki yako, na mpishi asiye na cha kuficha ataona fahari kukuonyesha. Uliza kama bei ya menyu ndiyo ya mwisho. Chakula kikija sicho, kirudishe ukiwa umeonja tonge moja, usikirudishe mifupa ikiwa mitupu. Ukimaliza sahani umeshatoa hukumu yako. Sema kwa meneja, usimfokee binti wa watu ambaye hakupika, hakupanga bei na halipwi kwa ajili ya matusi. Dai risiti ya mashine ya EFD, maana kama umetozwa VAT, hiyo fedha inapaswa kufika serikalini isiishie mfukoni mwa mtu. Na ukila vizuri, sema pia, tena kwa sauti: mwite mpishi, mtajie kilichokufurahisha, kisha rudi wiki ijayo. Kurudi ndiyo sifa ambayo mpishi anaiamini.

Kwako mwenye mgahawa. Fupisha menyu. Chagua vyakula kumi unavyoviweza, vipike vyema, viache viishe. Andika bei ambayo mtu atailipa, kodi ikiwemo. Mchele ukishuka, shusha wali hata kwa mia tano, na uandike ubaoni kwamba umeshusha. Mji mzima utakuja kuushangaa ubao huo. Chotara mwite chotara, tutamla. Na kabla hujaongeza taa nyingine, mwongeze mpishi mshahara, kwa sababu taa hazijawahi kukoleza chumvi.

Kwenu mnaosimamia. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani ipo kumlinda mlaji tangu sheria ya mwaka 2003. Kazi ya kufungia vibanda vya mama lishe inaonekana kila msimu wa mvua. Tunaomba bidii hiyohiyo ipande ngazi, ifungue majokofu ya kwenye vioo, ipime kilo za nyama choma, isome na menyu zisizo na bei. Mlaji wa elfu arobaini naye ana tumbo.

Hukumu yangu ni hii. Gharama za maisha zimepandisha bei, hilo nimelikubali tangu mwanzo. Lakini si gharama zilizoshusha ladha. Mama lishe alipigwa na mafuta yaleyale, mchele uleule na sukari ileile, na maharage yake bado yameiva. Ladha imeshushwa na wapishi waliogundua kwamba hatutasema, na wakagundua kwamba hata tusiporudi watakuja wengine wasiosema. Hiyo ya pili hatuiwezi kirahisi. Ya kwanza iko mdomoni mwetu. Mwisho wa wiki hii, ukitoka na familia, na mhudumu akakuuliza chakula kilikuwaje, mjibu ukweli, kwa adabu, kabla hujalipa.